"Naandika kila usiku ila hasira ndo inazidi": jibu kwa dereva wa Sakina

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dada. Mi ni dereva wa utalii, naishi Arusha maeneo ya Sakina, nina miaka 37, mke na watoto wawili. Mwezi wa tano mvua zilivyokolea tukawa tumekaa tu hamna wageni, siku moja tumegombana mke wangu akaniambia 'we unawajua simba wote wa Seronera, we mwenyewe hujijui'. Iliniuma mpaka leo. Nikaona klipu mtu anasema andika kurasa tatu kila siku utajijua, nikanunua kaunta buku kwaya mbili nikaanza. Nina siku 24 sijaruka hata moja, naandika usiku wote wakishalala. Sasa badala ya kujijua naona hasira zimezidi na usingizi umekuwa shida. Naandika vibaya au hii kitu sio ya watu kama sisi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwanza, alafu hongera, maana siku 24 bila kuruka sio mchezo, mimi ninayewaambia watu waandike sijawahi kufikisha 24 mfululizo, nakwambia ukweli.

Nilikuomba picha za kurasa mbili, moja ya mwanzoni na moja ya juzi juzi, uchague mwenyewe zisizo na siri, ukanitumia ya siku ya 2 na ya siku ya 22. Nimezisoma hapa kwangu Moshi asubuhi na chai, nikarudia, alafu nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu vitenzi vyako kama mwalimu wa darasa la tano. Sentensi zipo 41. Kwenye 26 anayetenda ni mtu mwingine, bosi alisema, yule kijana amepewa, mke wangu haelewi, wageni wale walinuna. Kwenye 11 upo wewe ila umekaa upande wa kupokea, nimedharauliwa, nimenyimwa tripu, nimeonewa, nimeambiwa. Zinabaki nne ambazo wewe umefanya kitu kwa mikono yako au mdomo wako, na moja kati ya hizo nne ni "nikalala".

Sasa niambie. Mke wako kasema hujijui, we umekaa usiku 24 unaandika habari za bosi, utajijuaje?

Sikucheki ndugu yangu, imenikuta. Mwaka 2009 nilikuwa sina muda mrefu kwenye ndoa, naandika daftari langu kila siku kwa bidii kabisa, Krismasi ikafika tukapanda kihambani kama kawaida yetu Wachaga, nyumba imejaa mpaka watu wanalala sebuleni, daftari limo kwenye pochi, wifi yangu kaumwa kichwa kaingia kutafuta dawa akakutana na kurasa zake. Nasema zake maana zilikuwa zake kweli, kuanzia juu mpaka chini. Ule ugomvi uliisha Pasaka. Nilivyotulia nikalichukua lile daftari nilisome nione nimeandika nini kibaya hivo, na kilichonitia aibu hata sio yale maneno, ni kwamba kwenye kurasa kama sitini hivi hamna mahali hata pamoja nimeandika mimi nilimjibu nini huyo wifi. Alisema hivi, akanuna vile, akapeleka maneno kwa mama mkwe. Mimi sipo. Ungesoma ungedhani nilikaa kwenye kiti mwaka mzima kimya watu wanapita wananizaba makofi. Na mimi ninavyojijua, kwa mdomo huu, haiwezekani.

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, sijui kama umewahi kuliwaza hili, kitenzi chetu kinamtaja mhusika mwanzoni kabisa na pale mwishoni ile -wa inakuumbua kama ulitenda au ulitendwa. Kwa hiyo huna haja ya mtaalamu wala ya mimi. Chukua ukurasa wowote, zungushia duara kila ni- ambayo kweli ulitenda. Ukikosa duara hata tatu, ujue hilo ni daftari la majirani.

Nigeuke kwenye swali lako, na nianze na ile sehemu ya mwisho maana ni fupi. Kama ni kitu cha watu kama sisi. Muulize jirani yako Muislamu maana ya muhasaba, atakwambia ni mtu kukaa na nafsi yake kuihesabia, nimefanya nini leo, wapi nimekosea. Wakatoliki wana kuchunguza dhamiri, na Ignasi wa Loyola huko miaka ya 1500 alikuwa anataka watu wake wafanye kila siku na zaidi ya mara moja. Na ukienda sokoni hapa Memorial au soko la huko kwenu Kilombero, mama wa mitumba ambaye hata barua hajaandika tangu amalize la saba ana kidaftari chake cha madeni kimekunjwa kama sambusa, jioni anakifungua anajua nani kalipa na nani anamzungusha. Hamna mtu anamwambia mama hiyo ni mambo ya wazungu. Kwa hiyo hapo tumemaliza.

Sehemu ya kwanza sasa, unaandika vibaya? Ndio, ila sio kosa lako, ile klipu ndo ilikupa nusu ya habari.

Hii kitu ya kuandika hisia imechunguzwa sana kwa wenzetu. Mtu aliyeianzisha kwenye upande wa utafiti ni mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa James Pennebaker, yeye na mwenzake Sandra Beall walitoa utafiti wao 1986. Walichukua wanafunzi wa chuo wakawaandikisha dakika 15 kwa siku, siku nne tu mfululizo, wengine waandike vitu vya kawaida kawaida, wengine waandike jambo zito lililowahi kuwapata. Kati ya hao wa jambo zito kuna walioambiwa waandike tukio tu, kuna walioambiwa hisia tu, kuna walioambiwa vyote viwili. Hao wa vyote viwili ndo miezi iliyofuata walionekana kwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Lakini wakati ule ule wanamaliza kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko walivyoanza. Umeona? Kwa hiyo kujisikia vibaya baada ya kuandika siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, hiyo ipo na inapita. Ila zilikuwa siku nne. Hamna aliyewaambia wafukue kidonda kile kile usiku 24. Na tangu hapo wamerudia sana hizi tafiti, mwingine anapata matokeo mazuri mwingine hapati, ukijumlisha faida ipo ila ni ndogo, sio muujiza kama wanavyouza kwenye klipu.

Kitu ambacho mimi nakipenda zaidi kwa huyu Pennebaker kilikuja baadaye, walivyoanza kuhesabu maneno. Wale walionufaika maandishi yao yalikuwa yanabadilika siku hadi siku, maneno ya aina ya "kwa sababu", "kumbe", "nimegundua" yanaongezeka kadiri wanavyoendelea, yaani hadithi inasogea. Sasa chukua siku yako ya 2 uweke pembeni ya siku ya 22. Bosi yule yule, kijana yule yule, hata sentensi ya kufungia ukurasa ni ile ile, "kwa nini mimi tu". Ungeniondolea tarehe nisingejua ipi ilitangulia. Na hamna "kumbe" hata moja. Hilo neno kumbe mimi nalitafuta kwenye madaftari ya watu kama mtu anavyotafuta Tanzanite, likitokea tu najua kuna kitu kimefunguka.

Hiyo ya kurudia rudia sisi tunaiita kucheua mawazo. Wewe huko kwenu naamini umeona ng'ombe wa ndani anavyokaa mchana anacheua majani aliyokula asubuhi, sasa ng'ombe anakupa maziwa, binadamu akicheua dharau ya bosi hatoi hata tone. Kulikuwa na mwanasaikolojia mmoja mwanamke, Susan Nolen-Hoeksema, alikuwa Stanford huko California, yeye na mwenzake walikuwa wameshawapima wanafunzi nani ana tabia hii ya kucheua, haijapita muda tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko kubwa likapiga lile eneo. Wakarudi kuwapima. Wale wacheuaji ndo waliokuwa na sonona zaidi baada ya tetemeko kuliko wenzao, na waliotikiswa ni wote. Kuna utafiti mwingine wa 2013 wa kina David Sbarra kwa watu waliotoka kuachana na wenzi wao, huu nakuambia kwa sababu unakugusa. Wengine waliandikishwa hisia zao za ndani kuhusu kuachana, wengine waliandikishwa tu leo nimefanya nini. Basi wale wenye tabia ya kutafuta maana sana, kwa nini imetokea, kwa nini mimi, kuandika hisia kuliwachelewesha. Waliopona vizuri katika hao watafuta maana ni wale walioandikishwa mambo ya siku tu, nimeamka, nimepika, nimeenda kazini.

We ni mtafuta maana mdogo wangu. Nimehesabu "kwa nini" 12 kwenye kurasa mbili.

Na ndo maana nakuambia "kwa nini" uiweke likizo kwanza. Mtu akijiuliza kwa nini akiwa na hasira anapata jibu lile lile alilokuwa nalo kabla hajajiuliza, na mara nyingi ni jibu la kumlaumu mtu au kujilaumu. Jiulize nini, lini, wapi, nani alikuwepo, na nilifanya nini dakika ile.

We ni dereva wa utalii, hii kazi unaijua kuliko mimi. Mgeni akikuuliza chui yuko wapi huanzi kumwambia kwa nini chui wana roho ngumu. Unasimamisha gari, unaangalia nyayo kwenye mchanga, zimekanyagwa na tairi au bado, mavi ni mabichi au yamekauka, swala wameelekeza masikio upande gani, nyani wanapiga kelele mti upi, na jana saa ngapi mwenzako alikuambia kwenye redio alimwona wapi. Vitu vidogo vidogo vya kuonekana kwa macho. Alafu ndo unasema haya, tuzunguke kule nyuma ya kopje, vile vilima vya mawe. Hivo hivo ndo nataka uandike habari zako, kama nyayo. Hivi mkeo alivyosema unawajua simba hujijui mi naona alikupa dawa bila kujua, kwa sababu macho unayo, hujawahi kuyageuzia kwako tu.

Mfano wa ile siku ya 22. Uliandika "leo bosi kanidharau mbele ya watu, kampa safari ya siku saba yule dogo aliyekuja juzi, watu hawaheshimu kazi ya mtu". Hiyo ni hukumu tayari, kesi imeshafungwa. Mi ningetaka uandike hivi: saa nne asubuhi ofisini, tupo watano, bosi kasoma ratiba, jina langu halipo kwenye ya siku saba. Nikasikia masikio yanawaka. Sikusema kitu. Nikatoka nje nikawasha gari la watu nikalizima. Dogo akaja kunisalimia nikamjibu nikiwa naangalia simu. Nilivyofika nyumbani mtoto kaniomba hela ya daftari nikamfokea. Unaona hiyo? Sijui kama ndivyo ilivyokuwa, nimetunga, ila hapo una masikio kuwaka, una kunyamaza, una kumpita mtu asiye na kosa, una mtoto aliyelipa deni la bosi. Hapo upo wewe mwenyewe mzima. Na ni mistari sita, hata nusu ukurasa haifiki.

Kuhusu kurasa tatu, mi siziafiki kwa mtu kama wewe. Kuna watu zinawasaidia, hasa wenye kazi za kutunga na kubuni. Mtu mwenye donge ukimpa kurasa tatu za kujaza anazijaza donge. Dakika kumi, weka alamu kwenye simu, ikilia umeacha hata kama sentensi haijaisha.

Kuna jambo lingine la maneno yako, unatumia "hasira" kwa kila kitu. Bosi hasira, mke hasira, foleni ya Mbauda hasira, usingizi kukosa hasira. Lugha yetu imejaa maneno bana, ona, kuna uchungu, kinyongo, wivu, fedheha, aibu, unyonge, hofu, majuto, upweke, simanzi, kisirani, na yote haya mwanaume wa Kitanzania akiyapata anayaita hasira kwa sababu hasira ndo peke yake tunayomruhusu kuwa nayo. Ile ya kunyimwa tripu mbele ya watu, mi nikiisoma naona fedheha. Na ile ya dogo, samahani kama nakosea, nanusa wivu, na chini ya wivu hofu ya kwamba nina miaka 37, mgongo unauma kwa zile barabara, dogo anaongea Kihispania. We ndo utajua, mimi nakisia. Ila tafuta jina sahihi, kwa sababu fedheha dawa yake sio dawa ya hasira. Kuna watafiti, mmoja anaitwa Matthew Lieberman, mwaka 2007 walionyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wanawapiga picha za ubongo, wakaona mtu akiitaja hisia kwa jina, kile kijisehemu cha ubongo kinachopiga king'ora kinapunguza kelele. Kutaja tu. Bibi zetu walijua, mtoto akilia wanamwambia "umeona uchungu eeh, umeona uchungu" na mtoto anashuka.

Siku ambazo jambo ni zito sana hata ukiliandika mkono unatetemeka, jiandike kama mtu mwingine. Tumia jina lako. Usiandike "nimefedheheka", andika "leo fulani alifedheheka ofisini, akatoka nje". Utajisikia mjinga mara ya kwanza, najua. Huko Chuo Kikuu cha Michigan kuna Ethan Kross ambaye yeye na wenzake 2014 walitoa tafiti zao kwamba mtu akijiongelesha kwa jina lake badala ya "mimi" anapata nafasi ya kusogea nyuma kidogo aone, na kichwa kinatulia. Mi naona ni kama pale wazee wanapokaa kusuluhisha, kila mtu anaeleza kesi yake, alafu mzee mmoja anairudia kesi yote kwa sauti yake, fulani alifanya hivi fulani akajibu hivi, na wewe unayesikiliza habari zako kutoka mdomoni kwa mzee ghafla unaona mahali ulipokosea. Haukukiona ulivyokuwa unaongea mwenyewe.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho ndo nilitaka kukuambia tangu mwanzo nikajikuta nazunguka. Kwenye maelezo yako yote hujasema popote kwamba umewahi kusoma ulichoandika. Nilikuuliza kwenye meseji ukanijibu "hapana dada, nikimaliza nafunga". Hapo ndo pameharibika kuliko pengine pote. Kuandika ni kuweka nyayo, kujijua kunakuja pale unaporudi kuzisoma siku nyingine ukiwa umeshapoa. Siku moja peke yake haikuambii kitu, maana siku moja kila mtu ana sababu, mvua ilinyesha, sijala, bosi kaamka vibaya. Ni zikiwa kumi na tano zimepangwa ndo unaona kumbe.

Nikupe mfano wa mama mmoja, nimebadilisha vitu vidogo vidogo asijulikane. Anauza nguo hapa Moshi, alikuja kwangu amejipa jina kabisa, "mimi ni mtu wa hasira, nimerithi kwa baba, nitafanyaje". Nikamwambia usijitete wala usijihukumu, andika mistari mitano kila ukigombana na mtu, siku, saa, nani, ulisema nini, mwili ulikuwaje. Tu. Kila Jumapili baada ya ibada anasoma na kalamu nyekundu. Wiki ya sita akaja anacheka mwenyewe mlangoni. Ugomvi wake wote ukiacha miwili ulikuwa Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi. Alhamisi ni siku ya rejesho. Alikuwa na mkopo wa kikundi na juu yake kachukua kausha damu, kwa hiyo kuanzia Jumatano jua likizama anaanza kupiga hesabu kichwani, na mteja yeyote anayemshika shika nguo bila kununua, mtoto yeyote anayemwaga uji, anakula za uso. Miaka yote anamsingizia marehemu baba yake. Hasira hazikuisha kesho yake, nisikudanganye, deni bado lilikuwepo, ila alianza kuwaambia watoto "leo Jumatano mniache kidogo" na akaacha kujiita mtu wa hasira. Hiyo hakuipata kwa kuandika. Aliipata Jumapili kwa kusoma.

Kwa hiyo wewe tenga Jumapili au siku yoyote upo nyumbani, nusu saa, kalamu ya rangi nyingine. Usisome ili ujihurumie. Zungushia ni- zako. Pigia mstari kinachojirudia, saa, mtu, mahali, sehemu ya mwili. Ukipata kitu andika pembeni kumbe fulani, na usipopata funga endelea na maisha, wiki nyingine.

Na wala sio lazima kila siku. Mara tatu nne kwa wiki inatosha, ukiwa porini na wageni andika kidogo pale unaposubiri vibali geti la Naabi la kuingilia Serengeti au jioni umeshaosha gari, mistari mitano. Ukiruka wiki nzima kwa sababu ya sizeni, hamna dhambi, usianze kulipia madeni ya siku ulizoruka, anza na ya leo. Zile za kuandika mambo matatu ya kushukuru fanya ukipenda, hazina ubaya, ila sizo zitakazokuambia kwa nini mkeo alisema vile.

Usingizi sasa. Acha kabisa kuandika mambo ya moto usiku wa manane. Unafungua sufuria inachemka alafu unaenda kulala jikoni, utalalaje? Haya ya kujitafakari yasogeze, saa kumi na mbili jioni hivi, au asubuhi kabla nyumba haijaamka. Ukifika kitandani kama lazima kalamu iwe mkononi andika ya kesho, dakika tano, gari lipelekwe kubadilisha oili, ada, kumpigia mzee Machame, basi. Watafiti wa chuo cha Baylor Marekani, Michael Scullin na wenzake, 2018 waliwalaza watu 57 maabara, nusu wakaandika kwa dakika tano mambo ya kufanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyokwisha kuyamaliza, wale wa mambo ya mbele wakawahi kulala kwa dakika kama tisa. Tisa ni ndogo lakini kwa mtu anayeangalia dari saa nane usiku sio haba.

Karatasi au simu, chochote. Mi napenda karatasi kwa sababu simu inakuletea meseji katikati ya kumbe. Ila karatasi inasomwa, nimeshakuambia ya wifi. Usiliweke kwenye gari la kampuni maana lile gari kesho anapewa mwingine. Na ukiandika kuhusu mtu, iandike kwa namna ambayo siku akiisoma ataumia ila hatasema umedanganya.

Kuna mahali pa kuacha kalamu, hili nalisema nikiwa nimekaza sauti. Ukijikuta unaandika habari za kutotaka kuishi, au kama kuna ajali uliwahi kuiona barabarani (kazi zenu hizi) na kila ukiandika inakurudia na ndoto juu, au usingizi umegoma wiki mbili na chakula hakipiti, daftari halitoshi hapo. Nenda hospitali kaonane na watu wa afya ya akili, huko Arusha Mount Meru, huku kwetu KCMC. Unaenda kama unavyoenda na malaria. Kurasa zako mbili sijaona dalili hizo, lakini nimeona mbili tu.

Ile kaunta buku ya siku 24 usiichome, najua umeshafikiria. Ifunge na mpira uweke kabatini juu. Nunua kidaftari kidogo cha mfukoni uanze upya. Mwezi wa kumi na moja wageni wakipungua ishushe, chukua kalamu nyekundu, uhesabu zile nimedharauliwa nimenyimwa nimeonewa kama nilivyohesabu mimi, utakuwa umeshapoa.

Mkeo usimwonyeshe daftari wala usimwambie umeandika siku ngapi, atadhani unamwandikia kesi. Tafuta jioni moja watoto wamelala, mwulize swali moja, "ile siku uliposema sijijui, ulikuwa umeona nini?" Sio kwa nini, umeona nini. Akikuambia usijibu, hata kama anakosea, hata kama amechanganya tarehe, na najua atachanganya, mwambie nimekusikia. Asubuhi andika alichosema kwa maneno yake yeye, mistari mitano, weka tarehe. Jumapili usome, alafu unitumie meseji.